"Mwambie mwenyewe": binti amechoka kumkalimania mdogo wake kiziwi

SWALI

Nina watoto watatu. Wa kwanza ni binti wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Wa pili ni wa kiume, ana miaka 10. Huyu alipata uti wa mgongo akiwa na miaka miwili, akapona lakini masikio yakafa. Wa tatu ni wa kike, ana miaka mitano. Yule wa katikati anasoma bweni kwenye shule ya viziwi, nyumbani anakuja likizo tu. Zamani dada yake ndiye alikuwa kila kitu kwake, anamwogesha, anacheza naye, anatuambia anachotaka. Siku hizi likizo ikikaribia binti ananuna. Desemba tulikuwa na wageni, nikamwita aje atutafsirie, akajibu mbele za watu: "Nimechoka, mwambie mwenyewe." Baba yake akamzaba kibao. Kijana naye anampiga dada yake na kumharibia vitu vyake, na yule mdogo sasa anamwogopa kaka yake. Binti anasema tunampenda kiziwi peke yake. Mume wangu anasema binti amekosa huruma, afunzwe adabu, maana sisi tukifa yeye ndiye atakayemtunza. Nifanyeje binti yangu ampende mdogo wake kama zamani?

Mama wa watatu, Morogoro

JIBU

Mama, pole, na ahsante kwa kuandika bila kuficha kibao. Barua yako nimeirudia mara tatu, na kila mara nakwama kwenye maneno mawili ya binti yako: mwambie mwenyewe. Ninyi mlisikia ujeuri. Ningekuomba uyasikie tena ukiwa umetulia, peke yako, jioni moja ukiwa unachambua mchele. Mtoto wa miaka 15 amesimama mbele ya wageni akamwomba mama yake aongee na mtoto wake.

Huruma anayo. Asiye na huruma hawezi kubeba kazi hiyo tangu akiwa na miaka saba. Anachokosa ni mdogo wake. Kwa miaka minane mmempa kazi ya kufanya kwa ajili ya kijana yule, na kazi hiyo imekua mpaka ikaujaza ule undugu wote. Ndiyo maana sitakupa mbinu za kumfanya ampende. Nitakueleza namna ya kumtoa kazini.

Nianze na lugha, kwa sababu humo ndimo mgogoro wenu ulimozaliwa. Mwanao alipokuwa na miaka mitatu, minne, mlielewana kwa zile ishara za nyumbani ambazo kila familia hujitungia: mkono mdomoni ni kula, shavu kwenye kiganja ni kulala, kushika kidevu ni baba. Zilitosha, maana mambo ya mtoto wa umri ule ni machache. Kisha akaenda shule, akawakuta wenzake bwenini, na kutoka kwao, zaidi hata ya kutoka kwa walimu, akaipata Lugha ya Alama. Hiyo ni lugha kamili yenye sarufi yake. Kwayo mtu anasimulia ndoto, anatania, anadanganya, anauliza Mungu anakaa wapi. Kila Juni na kila Desemba mwanao anarudi na lugha iliyorefuka zaidi, na anaikuta nyumba yenu iko palepale kwenye kula, kulala na baba. Aliyejitahidi kumfuata ni dada yake peke yake. Akawa anaokota alama likizo hadi likizo, kwa sababu walikuwa wanacheza pamoja na michezo haingojei. Hakuna aliyekaa akamteua kuwa mkalimani. Ilitokea tu kwamba ninyi mlipoona yeye anamwelewa, mkaacha kujifunza.

Hilo silisemi kwa kukulaumu. Kwa hesabu za Marekani, ambako jambo hili limehesabiwa vizuri, zaidi ya watoto viziwi tisa katika kila kumi huzaliwa na wazazi wanaosikia, watu ambao hawajawahi kumjua kiziwi mpaka siku ile ya kuambiwa hospitalini. Hakuna aliyekuandaa. Lakini ukitaka kujua uzito wa kazi ya binti, tazama wakalimani wa lugha ya alama wenye mafunzo wanapokuwa kwenye mkutano mrefu. Huwa wawili, na hupokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwa sababu akili huchoka na makosa huanza kuingia. Hao ni watu wazima na wanalipwa. Binti yako anaanza asubuhi chai ikiwa mezani, anamaliza usiku taarifa ya habari ikiisha, na hana wa kumpokea.

Tena fikiri anachokalimani. Baba akimkaripia kijana, karipio linapita mikononi mwa dada. Mtu ambaye kijana anamwona amekunja uso na kusema "utapigwa" ni dada. Mama akimwambia "hakuna hela ya viatu", habari mbaya anaileta dada. Miaka minane ya makatazo yote ya nyumba kutoka kwenye mikono ya mtu mmoja. Mtoto gani asingemchukia mtu huyo kidogo?

Na hapa ndipo kwenye ngumi. Mume wako anaona kijana mkorofi. Mimi naona jambo ambalo familia nyingi huwa hawaligundui mpaka waelezwe. Dada akimkosea huyu kijana, akimnyang'anya kitu, akimcheka, akimsingizia, atamshitaki kwa nani? Mkalimani pekee aliyepo nyumbani ndiye mshitakiwa. Hawezi kuja kwako akalalamika, maana lalamiko lenyewe lazima lipite kwa yule anayemlalamikia. Mtoto anayesikia hukimbia jikoni akalia, "Mama, dada kanichukulia!" Wako hana jikoni ya kukimbilia. Siku ukiweza kukaa naye peke yako ukamwelewa akikueleza ubaya wa dada yake, hata kwa kubahatisha, zile ngumi zitaanza kupungua.

Nilikuwa dada wa namna hiyo. Kaka yangu anayenifuata ni kiziwi, na nyumbani kwetu mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake na sikio lake. Nilipofika umri wa binti yako nilikuwa na jibu moja nililolipenda. Watu wamecheka, yeye ananigusa bega, anauliza kuna nini, namjibu kwa kupunga mkono: hamna kitu. Redio imesema jambo, watu wameshtuka, ananigusa. Hamna kitu. Nilidhani nimepata pumziko. Siku moja nikagundua kwamba ameacha kuniuliza. Amekaa palepale kwenye mkeka, anatazama midomo ya watu ikichezacheza, na hata hageuki kwangu. Leo sisi ni watu wazima na tunapendana sana, lakini ule mgongo wake siusahau. Sikuwa na roho mbaya. Nilikuwa nimechoka, na sikujua kwamba inaruhusiwa kumwambia mtu mzima kuwa nimechoka. Binti yako ameweza kusema. Kwa kweli nilimheshimu niliposoma hapo.

Sasa turudi kwenye ugomvi wao, kwa kuwa huenda unadhani lengo ni kuumaliza. Sivyo. Ndugu wakigombana, walisema wazee, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Ugomvi wa ndugu wa kawaida ni shule, na mtoto kiziwi anaihitaji shule hiyo kuliko wenzake.

Nieleze kidogo. Kuna jaribio maarufu ambalo wanasaikolojia huwafanyia watoto wadogo. Mtoto anaonyeshwa mdoli anayeweka mpira kapuni, kisha anatoka. Mdoli wa pili anauhamishia mpira kwenye sanduku. Yule wa kwanza akirudi, atautafuta wapi? Mtoto wa miaka mitatu husema sandukuni, kwa sababu yeye mwenyewe anajua mpira uko huko. Akifika miaka minne au mitano hujibu kapuni, maana ameshatambua kwamba mwenzake anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Mwaka 1994 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba watoto wenye ndugu wengi zaidi nyumbani walilipita jaribio hili mapema kuliko wasio na ndugu. Mwaka uliofuata Candida Peterson na Michael Siegal walilipeleka kwa watoto viziwi huko Australia, wa umri wa miaka 8 hadi 13, wenye akili timamu kabisa. Wengi walishindwa. Utafiti mwingine baadaye ulionyesha kwamba watoto viziwi waliozaliwa na wazazi viziwi, waliokua na lugha ya alama tangu wachanga, hawana tatizo hilo. Kwa hiyo uziwi wenyewe hauna hatia hapo. Kilichokosekana ni mazungumzo ya nyumbani: nilidhani umekula, alikuwa anatania tu, usimwambie baba bado, amenuna kwa sababu anafikiri umemcheka. Maneno ya namna hii ndiyo ndugu hurushiana siku nzima wakigombea kijiko. Kijana anayepiga kwa sababu ameona dada anacheka, akaamini anachekwa yeye, hajapewa maneno hayo ya kutosha.

Ndiyo maana nasema waache wagombane, ila wagombane kwa maneno. Ngumi zikatazwe kwa wote wawili, kwa ukali uleule. Halafu waketishe wakiangaliana na uwaambie kila mmoja aeleze alichofikiri mwenzake anataka. Wewe usihukumu kwanza. Utakuwa huelewi nusu ya wanachosema kwa mikono, na hilo litakuuma. Acha likuume, ndilo litakalokufundisha alama haraka.

Kuhusu kauli ya binti kwamba mnampenda kijana peke yake, nakushauri usibishane nayo. Hesabu tu. Kijana akija likizo anaosha vyombo? Anateka maji? Anapiga deki? Kipande kikubwa cha nyama kinakwenda kwa nani? Akivunja kitu cha dada yake, nani anaambiwa "mwachie, ndivyo alivyo"? Naelewa inavyokuja. Mtoto mnamwona miezi michache kwa mwaka, na nyuma ya kila kijiko cha ziada kuna lile jeraha la hospitali ambalo hamjawahi kuliongelea. Lakini huruma ya aina hiyo inawaumiza wote wawili. Dada anajifunza kwamba mwenye ulemavu ndiye mwenye nyumba. Kijana anajifunza kwamba hakuna anayemtegemea kwa lolote, na mtoto wa miaka 10 asiyetegemewa huitafuta nafasi yake kwa vurugu. Mpe zamu. Aoshe sufuria, na kama hajaisugua vizuri arudishwe. Furaha utakayoiona usoni kwa dada siku kijana anarudishwa jikoni itakushangaza, na baada ya wiki utaona hata yeye kijana anatembea kifua mbele.

Lipo jambo lingine ambalo hukuliuliza, nami sitaki kuliacha. Binti alikuwa na miaka saba mdogo wake alipougua. Watoto wa umri ule huamini kwamba mawazo yao yana nguvu. Kama wiki ile alimfinya, au alimpiga sikioni wakicheza, au alitamani tu huyu mtoto asingezaliwa, inawezekana mpaka leo anaamini yeye ndiye aliyemfanya kiziwi. Na pengine amesikia ndugu wakinong'ona habari za kurogwa au laana ya ukoo. Mketishe umweleze waziwazi: vijidudu viliingia kwenye ngozi inayofunika ubongo, uvimbe ukafika hadi sikio la ndani, ukaua vinyweleo vidogo vinavyopeleka sauti kwenye mshipa wa fahamu. Hakuna aliyesababisha. Haiambukizi sasa, na kwa kuwa haikutokana na damu ya ukoo, watoto wake yeye hawatakuwa viziwi kwa sababu ya mjomba wao. Usishangae akilia. Mweleze na kijana vilevile, kwa michoro kama alama hazikutoshi. Nimekutana na watoto viziwi walioamini kwamba wakikua watasikia, kwa sababu hawakuwahi kumwona mtu mzima kiziwi, wakahitimisha kwamba uziwi ni wa watoto tu.

(Wasomaji wengine wenye watoto waliopona uti wa mgongo karibuni: wapelekeni wakapimwe usikivu mapema, msingoje waonyeshe dalili. Baada ya ugonjwa ule mfupa unaweza kuanza kuota ndani ya sikio la ndani, na ukishajaa humo, upasuaji wa kupandikiza kifaa cha usikivu, ambao Muhimbili walianza kuufanya mwaka 2017, unakuwa mgumu sana. Na wenye watoto waliokwisha kupata kifaa hicho au wanaovaa shimesikio, kile kifaa cha sikioni cha kukuza sauti, msidhani barua hii haiwahusu. Mezani wakiongea watu wanne kwa pamoja, televisheni iko juu na feni inazunguka, mtoto huyo naye hubaki akitazama midomo, na ndugu zake huishia kwenye hamna kitu ileile.)

Sasa yule mdogo wa miaka mitano. Naomba umwangalie sana, maana ndiye atakayeokota alama kuliko ninyi nyote, na ndiye mtakayeshawishika kumpa kazi aliyoikataa dada yake. Msifanye hivyo. Kitu kinachomtisha kwa kaka yake ni kwamba hamwelewi na amemwona akipiga. Kuna jingine zaidi: huenda ameshaona kwamba kwenye nyumba yenu, kaka huyu si kaka. Yeye wa miaka mitano anatumwa dukani kwa sababu anaweza kuongea, na kaka wa miaka 10 anaachwa. Mrudishieni kijana cheo chake. Amsalimie kaka kwa heshima ileile anayompa dada. Watumwe pamoja, kaka akiwa na pesa mkononi na orodha kwenye karatasi. Kaka amfundishe alama, ninyi mkitazama. Njia nzuri ya kuanza ni majina. Kwa desturi ya viziwi kila mtu hupewa jina la alama, na anayelitoa ni kiziwi mwenyewe, kwa kuangalia umbo au tabia: mwanya, kovu, namna mtu anavyocheka. Mwombeni awape majina familia nzima, kuanzia baba. Mtacheka, na ni mara ya kwanza yeye ndiye atakayekuwa anatoa, ninyi mkipokea.

Mume wako nimemwachia nafasi ya mwisho mwisho lakini ndiye mwenye ufunguo. Anasema binti ndiye atakayemtunza wao wakifa. Nadhani kauli hiyo imesemwa zaidi ya mara moja, na binti ameisikia akiwa anajaribu kuwaza maisha yake mwenyewe, chuo, kazi, ndoa. Kwa kauli hiyo mmemwambia mambo mawili: kwamba maisha yake yana mzigo ambao hakuulizwa, na kwamba mdogo wake hatakuja kujitegemea. La pili si kweli. Kutoka kwenu, barabara kuu ileile inayopita Mikumi inafika Iringa, na pale mjini kuna Neema Crafts, iliyoanza mwaka 2003 na vijana viziwi wachache. Leo wana karakana na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja anaagiza kwa kuandika au kwa kuonyesha, na chakula kinakuja. Kama nauli inapatikana, safari moja ya likizo hii iwe hiyo: baba, binti na kijana, wakae mezani pale wahudumiwe na watu wazima viziwi wenye mishahara yao. Nauli isipopatikana, Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kina matawi mikoani. Ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa yenu wanaweza kuwaelekeza. Mwanamume kiziwi mwenye kazi na watoto akija kunywa chai sebuleni kwenu atamweleza mume wako zaidi ya ninavyoweza mimi kwa barua kumi.

Na kuhusu kile kibao, ushauri wangu ni kwamba baba amwite binti amwambie alikosea. Si lazima hotuba. "Siku ile sikupaswa kukupiga, ulisema ukweli" inatosha. Najua si rahisi kwa baba wa kwetu. Ila binti atakapokuwa mtu mzima na mdogo wake akahitaji ndugu, uamuzi wa kuwa karibu naye au kuwa mbali utakuwa wake mwenyewe, na watoto waliolazimishwa undugu kwa kofi mara nyingi huchagua mbali.

Alama zenyewe mtajifunzaje? Andikieni shule ya mwanao mapema, kabla ya likizo ya Juni, muombe walimu orodha ya alama wanazotumia. Nasisitiza shule yake, kwa sababu alama za shule zetu za viziwi hazifanani zote. Tangu ile ya Tabora ilipofunguliwa mwaka 1963 na Buguruni mwaka 1974, kila moja imekua na lahaja yake, na mkijifunza kutoka kwenye video za nchi nyingine mtaongea naye lugha asiyoijua. Herufi za vidole mtazikariri kwa wiki moja. Baada ya hapo alama tano kwa siku, na baba asianze na "kaa chini" na "acha". Aanze na vitu vya kuongea: mpira, Simba, Yanga, rafiki, umemshinda nani, nani ana nguvu bwenini. Mkosee mbele ya kijana, naye awasahihishe. Muulizeni mlezi wa bweni kama Jumapili moja moja anaweza kuwaunganisha kwa video kwa simu yake, nanyi mumtumie bando. Familia nzima ikae mbele ya simu, na binti asiwe anayesimama katikati.

Binti naye apewe sheria anayoweza kuishika mbele ya mtu yeyote: kukalimani ni hiari yake, na anaweza kusema hapana bila kuadhibiwa. Hospitali hakalimani kabisa, wala mdogo wake anapokemewa. Wageni wakija, wewe ndiye unayeanza, hata kwa alama zako kumi na kalamu. Anapokuwa anajiandaa na mtihani wa taifa wa kidato cha pili, awe na saa zake za kusoma ambazo hakuna anayemgusa bega. Na mtafutie saa moja kwa wiki ya kutoka na wewe peke yenu wawili, sokoni au popote, mkiongea mambo yake. Usimtaje mdogo wake mpaka amtaje mwenyewe.

Siku ya wazazi shuleni, msiende ninyi tu. Mpelekeni na binti. Pale uwanjani atawakuta mabinti na vijana wengine waliosimama kandokando, wote wana mdogo au kaka kiziwi, na wote wana hadithi ya wageni na ya hamna kitu. Marekani mtu mmoja aitwaye Don Meyer alianzisha miaka ya 1980 mikutano ya kucheza na kuongea kwa ajili ya ndugu hawa peke yao, ikasambaa. Kwetu mti wa mwembe wa shule unatosha. Nikikumbuka ujana wangu, ningetoa chochote kukutana na msichana mmoja tu wa namna hiyo.

Mwisho, mambo ya taa. Ninyi mnaosikia mnaweza kupiga soga gizani. Yeye taa ikizimwa amekatwa ulimi na masikio kwa pamoja. Chakula cha jioni kaeni duara, taa iwe katikati au juu yenu, na anayeongea naye asikae amelipa dirisha mgongo wala mtu asiongee akiwa nyuma yake. Mkono wa kulia una ugali, wa kushoto unaweza kusema mengi, mtazoea. Umeme ukikatika washeni tochi ya simu na muielekeze ukutani, msiseme "tulale tu". Ndugu huongea mambo yao ya kweli usiku watu wazima wakishaingia chumbani. Ukiamka saa tano ukaona taa ya sebuleni bado inawaka na vivuli vya mikono vinapigapiga ukutani, na ukasikia binti yako anacheka peke yake bila sauti nyingine, rudi ukalale. Uniti za LUKU mtaongeza kesho.